Wala Nyoya Wala Unyoya

Mavjuda alikuwa mwepesi wa kushika lugha. Miaka miwili tu tangu atoke kwao Kulob, Tajikistan, kuja Kostroma, Urusi, kuosha vyombo katika kantini ya shule, aliweza kubishana na wauza samaki kwa Kirusi na kuilalamikia theluji kama mwenyeji. Kilichomshinda ni maneno manne.

Aliyemfundisha ni Kapitolina Yegorovna, mjane wa miaka sabini na sita aliyempangisha chumba cha ndani. Mtu akienda kwenye mtihani, bibi huyo alimweleza, au kwenye jambo lolote la kutia hofu, humtakii heri waziwazi, kwa kuwa husuda ina masikio. Unamwambia, "Wala nyoya wala unyoya," kana kwamba ni mwindaji unayemwombea arudi mikono mitupu. Naye hashukuru hata kidogo. Anajibu, "Kwa shetani huko," kisha anakwenda zake.

"Mama, nikuambie wewe uende kwa shetani?" Mavjuda aliuliza. "Kwetu ningechapwa."

"Kwenu utachapwa, kwetu utafeli. Chagua."

Walicheka hadi chai ikapoa. Lakini Kapitolina Yegorovna hakuwa akitania sana. Alisimulia kuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake, mumewe Arkady alipokuwa akiondoka kuwinda, yeye, bibi harusi asiyejua kitu, alimwambia arudi na bata wengi. Jioni Arkady alirudi amembeba mbwa wake begani. Alikuwa amempiga risasi mwenyewe kwa bahati mbaya.

"Siamini mambo hayo," alisema bibi, akifuta makombo mezani. "Ila tangu siku hiyo sijasahau tena."

Basi Mavjuda akajizoeza. Alimwambia msichana wa kantini aliyekwenda kufanya mtihani wa udereva, akajibiwa ipasavyo, na siku hiyo nzima alitembea kama aliyevikwa nishani. Kisha akakutana ngazini na Gennady, jirani wa ghorofa ya tatu, amevaa suti nyeusi, uso umempauka. Akadhani anakwenda kuomba kazi. Akamwambia kwa furaha, "Wala nyoya wala unyoya!"

Gennady alikuwa akienda kumzika dada yake. Alisema taratibu, "Kwa shetani huko," kama mtu anayemrudishia mtoto kitu alichokiangusha. Akashuka ngazi.

Mavjuda alitamani ardhi ipasuke immeze. Kapitolina Yegorovna alipopata habari alimwambia kwamba Gennady si mtu wa kinyongo, na kwamba hata Warusi hukosea. Haikusaidia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, kila maneno yale yalipomjia mdomoni, Mavjuda aliyameza.

Mwezi Machi madaktari walisema moyo wa bibi lazima upasuliwe. Asubuhi ya kuondoka, mfuko wake ulikuwa tayari mlangoni: kandambili, miwani, kikombe cha maua ya buluu. Kama ilivyo desturi ya Warusi kabla ya safari, wote wawili waliketi kimya kwenye vigoda vya ukumbini. Kisha bibi akasimama, akajifunga skafu, lakini hakutoka. Alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa.

Mavjuda alijua anangojewa. Maneno yalikuwa pale, yote manne. Lakini akilini alimwona Gennady na suti yake nyeusi. Je, kama upasuaji si mahali pa maneno hayo? Je, kama angemtakia mabaya mtu aliyemlisha supu ya kabichi wakati wa homa? Akamshika bibi mkono wa pili, akasema alivyofundishwa na mama yake: "Mungu akurudishe salama, mama."

Kapitolina Yegorovna aliangalia chini. "Ahsante, binti yangu," alisema. Ni yeye aliyemfundisha Mavjuda kwamba ahsante ndiyo isiyosemwa kamwe. Halafu akafungua mlango.

Siku hiyo Mavjuda alivunja sahani tatu kantini. Kesho yake, siku ya upasuaji, aliamka mapema akachemsha supu ya kuku, akaimimina kwenye chupa ya mdomo mpana, akaifunga kwa taulo. Hospitali haikuruhusu wageni. Vitu vilipokelewa dirishani na mhudumu aliyedai jina na namba ya wodi. Mavjuda akaomba kalamu. Kwenye kipande cha karatasi akaandika maneno manne, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, akakichomeka chini ya taulo.

"Kabla ya upasuaji hali kitu," mhudumu alisema.

"Najua. Mpe karatasi tu. Supu ataikuta."

Mhudumu alishusha pumzi, akachukua.

Kapitolina Yegorovna hakuikuta supu. Moyo wake ulisimama kwenye meza ya upasuaji, saa tano asubuhi.

Siku ya tatu Mavjuda aliitwa kuchukua mfuko, kwa sababu bibi hakuwa na ndugu wa karibu. Gennady alimsindikiza bila kuombwa, akambebea mfuko hadi nyumbani, akauweka juu ya kigoda, akaondoka. Mavjuda alitoa kitu kimoja kimoja. Kandambili. Kikombe. Kisha kisanduku cha miwani, na ndani yake, iliyokunjwa mara nne, ile karatasi.

Aliigeuza. Upande wa pili, kwa penseli, kwa mwandiko uliolala kama majani ya ngano yaliyopigwa na mvua, palikuwa na jibu: Kwa shetani huko, binti yangu.

Mavjuda aliketi kwenye kigoda cha pili, mkabala na mfuko, kama watu wawili wanaojiandaa kwa safari. Alikaa hapo mpaka chai aliyojimiminia ikapoa.