Jezi za Chovae Hufuliwa Bila Jasho

Saa kumi na mbili asubuhi, Fadhila anaanika jezi nyuma ya shule ya kisiwa cha Chovae. Zote ni mpya. Huzifua kila wiki, si kwa uchafu bali kwa kuvu, maana unyevu wa bahari hauna huruma.

"Mchu hufua nguo akishaivaa," anasema kwa Kibajuni chake, akiikung'uta ya kipa. "Mimi nafua za kabatini."

Leo zitavaliwa. Mfadhili wa ng'ambo hutaka picha kila muhula, aone vifaa vyake vipo. Watoto watajipanga, watatabasamu, kisha watamrudishia Fadhila jezi zake.

Shule ina mipira, viatu, hata filimbi za mwamuzi. Inachokosa ni petroli ya boti. Mashindano huchezwa Kismayu, na fedha za mfadhili zina sharti: ni za vifaa tu. Penye miti hapana wajenzi.

Mwaka jana timu ilivaa kabisa, ikateremka pwani kungoja boti. Mwalimu wa michezo, Hussni, alikuwa ameomba ruhusa ya kununua petroli kwa fedha zilizobaki. Jibu likaja kwa simu: haiwezekani, nunueni mipira zaidi.

"Niliwaza kuiuza miwili," anasema Hussni. "Lakini amana ni amana. Ningeuficha wapi uso wangu?"

Miongoni mwa waliorudi nyumbani alikuwa Walidi, mwana wa Fadhila, kipa. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Hakulia. Aliikunja jezi vizuri akamwambia mamake, "Hii haina haja ya kufuliwa, mama."

Baadaye alivuka kwenda Kismayu kutafuta riziki. Sasa ni kuli bandarini.

"Kismayu kafika," anasema Fadhila. "Lakini kwa mgongo, si kwa mikono ile ya kudaka."

Inauma kumtazama akiinyoosha ile jezi ya kipa kambani.

Mwaka huu hangoji ruhusa ya mtu. Yeye na kina mama wenzake wanauza kaimati ili wapate petroli, na nahodha Mansur amekubali kuwapakia watoto katika boti lake la samaki. Hussni ameonya kwamba jezi zitanuka papa.

"Na zinuke," anasema Fadhila. "Walidi atawapokea bandarini. Mimi nataka nirudishiwe chafu, inshallah. Nitazifua mpaka mikono ichubuke."