Kiingereza cha Kumtunza Mgonjwa

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi peke yangu katika chumba kimoja cha ghorofa ya nne, mtaani Huruma. Hakuna aliyebisha mlangoni pangu ila jirani wa chumba cha mkabala, mama mjane kutoka mkoa wa Magharibi aliyewafulia watu nguo. Siku moja alikuja na habari. Bibi mmoja mzee wa Kizungu, upande wa pili wa mji, alikuwa akitafutiwa mtu wa kumtunza na kulala huko huko. Binti yake ndiye angewahoji waombaji, kwa Kiingereza.

"Mwalimu, Kiingereza changu ni cha kuomba maji tu," alisema. "Nifundishe cha ugonjwa. Nimechoka na sabuni."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimepata mtu wa kuketi naye.

Kila jioni alikuja na kigoda chake. Nilimweleza kwamba Waingereza, wanapozungumzia maradhi nyumbani, hupenda vitenzi vyenye mkia. "Throw up" ni kutapika. "Pass out" ni kuzimia. "Come down with" ni kushikwa na ugonjwa, kama mafua, na "get over" ni kuupona. Usivitafsiri neno moja moja, nilimwambia. Ni kama viatu, kimoja pekee hakikufikishi popote.

Maneno aliyashika upesi. Kilichotushinda ni adabu. Nilijifanya yule binti anayepiga simu kutoka kazini, nikamuuliza kwa Kiingereza mama anaendeleaje.

"She is very fine, we thank God," alijibu akitabasamu. "But she passed out."

"Mama! Mtu amezimia, nawe wasema hajambo?"

"Sasa nimrukie mwenzangu na ugonjwa kabla ya salamu? Wewe ulilelewa wapi, mwalimu?"

Nilicheka, ingawa hakukosea. Kwetu hata aliyelazwa hujibu "sijambo" kwanza, ndipo homa ifuate. Nilimweleza polepole kwamba binti akishasikia "fine" huenda akaweka simu chini, na habari yenyewe ibaki mdomoni. Aanze na mgonjwa. Shukrani zitangoja, na Mungu hatakasirika.

"Mungu sina shida naye. Ni mama yangu, angenichapa."

Tulirudia na kurudia. Jioni aliyojibu moja kwa moja, bila kusita, kwamba bibi ametapika tangu asubuhi na ameshikwa na mafua, nilimpigia makofi. Sikuwa na somo jingine la kumpa.

Alirudi kutoka kwenye mahojiano akipanda ngazi kwa kelele. "Wamenichukua! Naanza Jumatatu!"

Nilimkumbatia, nikamuuliza kama angekuwa akija kunitembelea Jumapili.

"Siku yangu ya mapumziko ni Alhamisi, mwalimu."

Alhamisi mimi nilikuwa darasani hadi jioni, na yeye alitakiwa awe amerudi kwa bibi kabla ya giza. Sote wawili tulilijua hilo.

Nilimsaidia kufunga godoro kwa kamba, tukalishusha pamoja. Barabarani alinishika mkono. "Usiwe unakula peke yako kila siku. Pia huo ni ugonjwa."

Niliitikia. Niliporudi juu, niliwasha redio kabla ya kuwasha taa.