Gunia Langu la Maharage Pale Kansay

Jamani, mimi bwana afya nilikuwa na mgongo mbovu kuliko wote niliowafundisha, kwa kushinda kitini na kulalia kitanda kilichobonyea. Siku ya kuwaonyesha wakulima wa kijiji cha Kansay namna ya kubeba mizigo bila kuumiza kiuno, nikajaza gunia pumba, nikatangaza ni maharage.

"Kunjeni magoti, mgongo wima! Na kunyweni maziwa, mifupa iwe imara!" Nikalitupia begani. Wakapiga makofi.

Ghafla gunia likavutwa kwa nyuma. Punda wa Mama Paulina, mkulima aliyekaa mbele, alikuwa amelitoboa anatafuna, pumba zinanimwagikia shingoni.

Mama Paulina akamtazama punda, akanitazama mimi.

"Bwana afya, huyu punda wangu hajawahi kula maharage."