Kinu cha Mama Chini ya Gari

Gari ikikimbia siiogopi. Ninayoogopa ni gari iliyosimama, imeinuliwa, na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Watoto wangu wananicheka kwa hilo. Nikipita karibu na gereji natazama upande mwingine na kusoma dua kimoyomoyo, na wao wanapigana viwiko. Naandika haya ili wajue sababu. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Hofu hii ilianzia Modogashe. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa dereva wa lori la mifugo. Siku moja lori lilipata pancha pale njia panda, akaliinua kwa jeki, akaingia chini kuangalia kitu, na jeki ikazama. Ardhi yetu ni mchanga. Juu unakanyaga pagumu, chini ni kama unga. Alizikwa huko huko siku ile ile, maana maiti hangojeshwi, na sisi Garissa tukaletewa viatu vyake ndani ya mfuko wa sukari. Alikuwa amevivua kabla ya kuingia chini, kama mtu anayepanda mkekani. Mume wangu alivipokea, akasema inna lillahi, na tangu siku hiyo hakuiamini jeki tena.

"Jeki ni ya kuinua," alikuwa akisema. "Kushikilia ni kazi ya kitu kingine."

Alisema kweli. Lakini kitu kingine alichokichagua kilikuwa kinu changu.

Tulikuwa na pikapu kuukuu. Alikuwa anapeleka sukari na unga Balambala na kurudi na vitunguu na mbuzi. Oili alibadilisha mwenyewe nyumbani, nyuma ya jikoni, kwa sababu fundi mmoja wa mjini aliwahi kusahau kukaza nati ya chini ya injini na oili yote ikamwagika njiani. Sasa anainua gari kwa jeki, anapindua kinu kichwa chini, anakiweka chini ya chuma cha mbele, anashusha gari mpaka ikae juu ya kinu, kisha anatoa jeki. Kinu kilikuwa cha mti mgumu, kizito, nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Mdomo wake ulikuwa mpana kama sahani ya pilau. Hakikuzama.

Kilikuwa na ufa. Ulikuwa wa zamani, kutoka mdomoni hadi katikati. Mama yangu alikuwa amekifunga kwa ngozi mbichi ya ngamia. Unachukua ngozi ikiwa bado na maji, unaizungusha, unaishona kwa ukanda wa ngozi hiyo hiyo, unaiacha juani. Ikikauka inabana kuliko chuma. Watu wa mjini hawaamini, lakini mimi nimeona springi ya lori iliyokatika ikifungwa ngozi hivyo na lori likatoka Eldas likafika Garissa na mzigo. Kwa hiyo ufa ule hakuna aliyeuogopa. Ngozi ina adui mmoja tu, nayo ni maji. Na huku kwetu nani aliwahi kukaa akafikiria maji?

Ule mwaka mvua ilikataa kukoma. Barabara zilikatika, Tana ikapanda mpaka mashambani, pikapu ikakaa wiki nyingi bila safari. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na mimi nilitaka kutwanga viungo vya sambusa. Nikanusa kinu. Oili. Kila mara alikuwa anakirudisha hivyo, na kila mara tuligombana. Safari hii sikusema kitu. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikakijaza kinu mpaka mdomoni, nikakimwagia na nje, nikakiacha kilowe siku nzima na usiku wake. Nilipokimwaga kilinukia mti mpya. Nikakiegemeza jikoni kikauke. Sikutazama ngozi. Nilitazama kazi yangu na nikajisifu.

Asubuhi hiyo nikaenda sokoni na maziwa. Nyuma yangu ikaja habari kwamba barabara ya Balambala inapitika, na mume wangu akaanza kutayarisha gari.

Niliporudi jua lilikuwa limeshuka. Nilifungua mlango wa mabati, na kitu cha kwanza nilichoona ni viatu vyake, vimepangwa vizuri kando ya ukuta. Halafu nikaona miguu.

Gurudumu la mbele la upande ulioinuliwa lilikuwa limetolewa, limelazwa pembeni, na juu yake kulikuwa na glasi ya chai iliyobaki nusu. Jeki ilikuwa juu ya gunia. Na chini ya chuma, kichwa chini, kinu cha mama yangu.

Nilisimama hapo na debe la maziwa mkononi. Kisha nikaiona ngozi. Ilikuwa nyeusi na ngumu kama pembe miaka yote. Sasa ilikuwa imevimba, imekuwa nyeupe-nyeupe, na matundu ya ule mshono yamefunguka kama midomo ya samaki.

"Baba watoto," nikasema. Niliongea pole pole sana.

"Naa, mama watoto, umerudi," akasema kutoka chini. "Najua. Umekiona."

"Toka huko."

"Nitakiosha mwenyewe. Wallahi safari hii nitakiosha."

"Nimesema toka."

"Oili ndiyo kwanza inashuka. Ngoja iishe, halafu utanipiga nikiwa nimesimama."

Alikuwa anacheka. Alidhani nimekuja kugombania kinu kama siku zote. Nikasikia sauti ndogo, kama kiatu kipya kikikunjwa. Nikainama. Ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha punje ya mahindi kupita, na nilipokuwa nikiutazama ukaongezeka.

"Nilikiloweka," nikasema.

"Nini?"

"Kinu. Kwa maji moto, mchana na usiku. Nilitaka kitoke oili."

Kinu alikuwa amekibeba kwa haraka ya safari, bila kukitazama. Yeye alizaliwa nyuma ya ngamia, ngozi hakufundishwa na mtu. Nilisikia oili ikichuruzika ndani ya karai. Alipoongea tena sauti haikuwa yake.

"Ngozi ikoje?"

"Imelainika."

"Na ufa?"

"Unaingia kidole."

"Usikiguse."

"Sikigusi."

"Ili nitoke lazima nishike chuma nijivute," akasema. "Nikishika, itatikisika."

"Basi usishike. Kaa hivyo hivyo."

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilitaka kukimbia nje niite wanaume, lakini hadi waje, waulizane, wavue kanzu, ingekuwa ni jambo lingine. Nikafikiria mfuko wa sukari. Nikafikiria kwamba nitaambiwa ni kudra ya Mwenyezi Mungu na nitakubali, lakini maji yale niliyachemsha mimi.

Jeki ingeitikisa gari. Nikaliona gurudumu. Niliondoa ile glasi ya chai kwanza, nikaiweka ukutani taratibu isimwagike. Mpaka leo najiuliza chai ilikuwa na thamani gani. Nikalisukuma gurudumu likiwa limelala. Lilikuwa zito kama ndama, na matope yalilishika. Mikono haikutosha. Nikaketi chini kwenye maji, nikaegemeza mgongo kwenye jiwe la jikoni, nikalisukuma kwa miguu. Bismillahi, kidogo. Bismillahi, kidogo. Kinu kilikuwa karibu na goti langu na sikutaka hata nguo yangu ikiguse.

Gurudumu likakwama.

"Ni karai," akasema.

"Lisukume."

"Litanimwagikia."

"Limwagike."

Alilisukuma kwa kiwiko. Nikasikia anavuta pumzi kwa meno, maana oili ilikuwa bado na moto wa injini aliyoipasha kwanza, lakini hakupiga kelele. Gurudumu likaingia, likakaa chini ya bodi, pembeni ya mbavu zake. Nikamshika vifundo vya miguu.

"Usishike kitu," nikasema. "Jifanye gunia."

Nikavuta. Akaja kidogo. Nikavuta tena, akatoka mpaka kiunoni, na hapo kinu kikapasuka. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mfupa wa ng'ombe chini ya shoka la mchinjaji, mara moja tu. Gari ikashuka. Nilifumba macho na vifundo vyake bado viko mikononi mwangu. Nilivihisi vimekaza, halafu vikalegea.

"Uko hai?" nikauliza. Sikufumbua macho.

"Pua yangu imegusa chuma," akasema.

"Imeumia?"

"Imegusa tu."

Gari ilikuwa imekaa juu ya gurudumu. Nilimvuta tena, mara hii nikilia, na akatoka mzima, mweusi kwa oili kutoka shingoni hadi tumboni. Akaketi akiegemea ukuta. Akaificha mikono kwapani. Alikitazama kinu, vipande viwili, ngozi imening'inia katikati kama ulimi.

"Cha mama yako," akasema.

"Vaa viatu vyako," nikamwambia. Sikuweza kuviona pale ukutani hata dakika moja zaidi.

Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyesikia kishindo, alichungulia juu ya ua. Nilimweleza kwa maneno mawili matatu. Akatutazama, mmoja ana oili, mwingine ana matope.

"Walaal, dada yangu, umevunja kinu ya mama yako ndio upate bwana," akasema. "Mimi ningefikiria kwanza."

Jirani akaingia, akaleta jivu, nikamsugua mume wangu mikono na shingo ili maji ya udhu yapate kufika kwenye ngozi. Kifua kilikuwa kimebabuka. Adhana ya Magharibi ikalia na hakuwahi msikitini. Akaswali nyumbani, mimi na jirani nyuma yake.

Katika rakaa ya pili, baada ya Fatiha, alianza sura fupi ambayo hata mtoto anayeanza Kurani kwenye duksi anaijua. Akafika katikati akanyamaza. Mwanamke akiwa nyuma hamsahihishi imamu kwa sauti, anapiga kofi. Nikapiga. Hakuendelea. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Nikapiga tena, na mikono yangu ilinuka oili. Akaendelea.

Jioni hiyo sikuenda kwenye masomo yangu ya kuandika. Viungo vya Ramadhani nilitwangia kwa jirani. Vile vipande vya kinu sikuvichoma, viko mpaka leo nyuma ya jikoni, na mvua ikinyesha navitazama.

Yeye bado anabadilisha oili mwenyewe. Alitafuta magogo mawili mafupi, mazima, na ubao mpana wa kuweka chini yake, na gurudumu la akiba analiingiza chini ya bodi kabla hajainama. Halafu ananiita. Nikiwa napika naacha chungu. Nasukuma gari kwa mikono miwili nione kama inayumba, nachuchumaa, natazama kila kitu kama mtu anayenunua ngamia.

"Tairi?" nauliza.

"Ipo."

"Na viatu?"

Anainua mguu mmoja anionyeshe. Kisha anaingia chini akiwa amevivaa, na mimi nasimama hapo hapo mpaka atoke.