Udongo wa Shimo la Kugeuzia Injini

Mgongo wa Nedyalka ulishamwambia basi miaka mitano nyuma, ila yeye hakupata nafasi ya kuusikiliza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mgeuza njia katika stesheni ya Gorna Topolitsa: unavuta wenzo mzito wa chuma, treni inaingia reli ya pili, unausukuma, inapita reli ya kwanza. Mvua, theluji, homa, wenzo hauna habari. Kisha zikaja fedha za Ulaya za kuijenga stesheni upya, njia zikawa zinageuzwa kwa kompyuta kutoka mjini, na Nedyalka akakabidhiwa ufagio na funguo mbili asubiri kustaafu mwezi wa kumi. Hakulalamika. Ufagio ni mwepesi kuliko wenzo.

Stesheni mpya ilikuwa ya vioo na lifti, lakini kwa anayeijua, ile ya zamani ilikuwa bado inachungulia. Katika sakafu ya ghala vipande viwili vya reli nyembamba vilikuwa vimezama ndani ya saruji, vimeelekea ukutani, pale palipokuwa na mlango. Nyuma ya choo lilisimama bomba refu lenye shingo iliyopinda, lililokuwa likizinywesha injini za moshi. Na mwisho wa yadi kulikuwa na shimo la mviringo, upana mita kumi na mbili, kina cha kifua, limezungushiwa mawe ya kuchongwa. Humo ndimo injini za reli nyembamba zilipandishwa juu ya daraja la chuma na kuzungushwa kwa mabega ya wanaume mpaka pua ielekee ilikotoka. Daraja liliuzwa chuma chakavu kabla Nedyalka hajaajiriwa. Shimo likabaki, kwa kuwa hakuna mtu anayenunua shimo.

Nedyalka ndiye aliyelipa shimo kazi. Miaka ishirini na miwili alijaza udongo humo kwa ndoo: udongo mweusi wa kando ya mto, samadi ya kondoo, majivu ya jiko la chumba cha zamu. Mawe yalitunza joto la mchana, ukuta ulizuia upepo, na pilipili hoho zake ndefu ziliiva vizuri kuliko za kijiji kizima. Kila vuli alizichoma, akazimenya, akazisaga na nyanya, akapika lyutenitsa ya kujaza chupa sabini. Yeye na mumewe Yonko, ambaye mapafu yake hayakumruhusu tena kushika hata jembe, walikula mkate kwa hiyo mpaka majira ya machipuo.

Jumatatu moja ya Agosti injinia wa ujenzi, Svilen Drumev, alisimama juu ya ukingo wa shimo na kofia yake nyeupe.

"Shangazi Nedyalka, mambo yamefika. Tarehe ishirini nafukia hapa. Maegesho ya magari."

Nedyalka alikuwa chini, anang'oa magugu. Alinyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni.

"Bado za kijani, mwanangu. Ngoja katikati ya Septemba."

"Tarehe moja mwezi wa kumi wakaguzi wanakuja kutoka Sofia. Nikingoja pilipili zako, wataegesha wapi, kichwani mwangu?"

"Huko pana nafasi."

Svilen alicheka, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye tarehe, na mwenye tarehe huwezi kumwomba huruma. Mpaka umpe kitu kinachomkera kuliko tarehe.

Jumatano akaja mwingine. Bwana Kutsarov, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa reli za kale, alishuka kwenye treni na kamera na utepe wa kupimia. Alipoliona shimo uso ulimng'aa. Alipoziona pilipili ukafifia.

"Mama, unajua kwamba umelima juu ya historia?"

"Historia haikuwa na mbolea. Nimeileta mimi."

Mwalimu alimweleza kwamba shimo kama hilo halikubaki jingine kwenye njia nzima, kwamba chama kinaweza kulipigania lisifukiwe, kinachotakiwa ni mfanyakazi wa zamani aandike ushahidi. Nedyalka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu.

"Nani anaamua?"

"Tume ya wizara."

"Lini?"

"Tukibahatika, machipuo."

"Na pilipili?"

Mwalimu akasafisha miwani yake. "Bustani itabidi iondolewe, bila shaka. Ili mawe yaonekane."

"Basi wewe na injinia ni kitu kimoja," alisema Nedyalka. "Yeye anataka kulifukia, wewe unataka kulifukua, na mimi nyote mnaniambia nitoke."

Hata hivyo alimkaribisha kahawa. Mtu aliyesafiri hafukuzwi akiwa na kiu.

Kila asubuhi, kabla ya treni ya saa kumi na mbili na nusu, Nedyalka aliteremka na ufagio kwenye njia ya chini inayopita chini ya reli mpaka jukwaa la pili. Ilikuwa mpya, ina vigae vyeupe, na kila siku ilikuwa na maji. Yalichuruzika ukutani hata bila mvua. Vijana wa Svilen walikuwa wamepiga plasta mara tatu, wakapaka lami, wakaleta pampu, na maji yaliwacheka. Naye aliyafagia, mgongo ukilia, akijua yalikotoka. Yalikuwa baridi kama ya chemchemi. Kwa nini basi? Kwa sababu yalikuwa ya chemchemi.

Marehemu mzee Haralampi, fundi wa mwisho wa injini za moshi, ndiye aliyemwonyesha. Maji ya mlimani yalikuja kwa bomba la chuma kuzinywesha injini, na yaliyozidi yalipita chini ya reli hadi mtoni. Walipochimba njia ya chini waliukata mkondo huo bila kujua, maana haukuwa kwenye mchoro wowote. Lakini kulikuwa na mkondo wa pili, unaoikwepa stesheni, na koki ya kuyapeleka maji huko ilikuwa chini ya mfuniko mdogo kama sinia, katika sakafu ya shimo, chini ya udongo wake. Kwa miaka ishirini na miwili ndipo alipochota maji ya kumwagilia.

Ijumaa, vijana walipokwenda kula, Nedyalka alipiga magoti kati ya miche, akafukua, akazungusha koki kwa ufunguo alioachiwa na Haralampi, akarudishia udongo. Waliporudi ukuta ulikuwa umeacha kulia. Kesho yake saa nne njia ya chini ilikuwa kavu kama meza, na Svilen alikuwa akizunguka ndani akigusa vigae kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Saa sita mchana Nedyalka aliirudisha koki. Saa saba maji yalikuwa yamerudi.

Alimkuta Svilen ndani ya kontena lake la ofisi, ameshika kichwa.

"Muuza matikiti maji," alisema Nedyalka, akivuta kiti kabla hajakaribishwa, "hukukatia kipande kwanza uonje. Umeonja?"

Svilen aliinua kichwa. "Ni wewe?"

"Ni koki. Mimi najua ilipo."

"Wiki mbili! Wiki mbili napiga plasta, shangazi, nawe unanitazama!"

"Wiki mbili nafagia maji yako, nawe unanitazama. Hukuuliza."

"Naweza kumpigia mkuu wako."

"Piga. Mkuu wangu yuko mjini na kompyuta yake. Aiulize kompyuta koki iko wapi."

"Iko shimoni," alisema Svilen. "Si lazima uniambie. Natia greda kesho."

"Tia. Bomba lina umri wa babu yako, na chuma chake ni hivyo hivyo. Ukiligonga kwa greda mlima wote utakuja kukuamkia, na wakaguzi utawapokea kwa mtumbwi."

Akajisugua goti. Svilen alijimiminia maji, akayaangalia, hakunywa.

"Haya. Unataka nini? Usiniambie niliache shimo. Siamui mimi."

"Najua huamui. Ndiyo maana siliombi." Nedyalka alihesabu kwa vidole viwili tu. "Nataka mpaka tarehe kumi na tano Septemba, nichume. Na nataka udongo wangu. Wote, mpaka mawe yaonekane. Watu wako waujaze kwenye lori kwa beleshi, si kwa greda, wanipelekee nyuma ya jengo ninamokaa."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo unayoweza kunipa bila kupiga simu Sofia."

Svilen alikuwa amejiandaa kwa vita kubwa, na vita ndogo ilimkuta mikono mitupu. Akatoa mkono. Nedyalka aliushika, kisha akataka iandikwe.

Alichuma tarehe kumi na mbili, magunia saba, peke yake, akipumzika kila baada ya mstari. Siku tatu baadaye alimwonyesha Svilen mfuniko. Watu sita walipiga beleshi siku mbili, na udongo ulipokwisha mawe ya sakafu yalitokea, meusi kwa mafuta ya injini ambazo hakuna aliye hai pale aliyeziendesha. Svilen alitazama mfuniko, akatazama mchoro wake, akatukana polepole. Koki hiyo ingebidi ifikiwe kila mwaka. Huwezi kuifukia na kuweka magari juu. Akachukua kalamu, akaandika juu ya duara: chumba cha maji, kiachwe.

Bwana Kutsarov alipata habari akapiga simu stesheni kumshukuru Nedyalka kwa kuliokoa shimo.

"Sikuliokoa," alisema Nedyalka. "Limejiokoa, kwa kuwa lina kazi. Njoo upige picha, ila viatu vyako vitalowa."

Lori lilifika nyuma ya jengo la ghorofa alasiri ya Jumamosi. Gina wa ghorofa ya pili alitoka kwenye roshani akiwa na kitambaa cha vyombo.

"We Nedyalka! Uchafu gani huo unatuletea?"

"Mumeo alikula chupa nne mwaka jana. Alisema uchafu?"

Gina alirudi ndani. Yonko, juu dirishani, alikohoa, akainua mkono.

Dereva alichungulia kutoka kwenye lori. "Shangazi, nimwage hapa hapa?"

Nedyalka aliutazama ule mzigo. Miaka ishirini na miwili, ndoo kwa ndoo, ulikuwa umeingia kwenye lori moja na nafasi imebaki. Alipima kwa macho kutoka kwenye gurudumu hadi ukuta wa kusini, ule unaopata jua. Hatua kumi na nne.

"Rudi nyuma," alisema. "Tena. Tena, usiogope. Mwaga pale ukutani kabisa. Siubebi mara ya pili."