Karatasi za Bi Rukaya Dukani kwa Maulidi

Bi Rukaya alipata uongozi siku aliyokwenda kuchota maji. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi tukitafuta jina la kupeleka kugombea uenyekiti wa kitongoji. Wanaume wanne waliopendekezwa walikataa, kila mmoja na ugonjwa wake: huyu mgongo, huyu presha, huyu ana safari ya Lindi, wa nne akasema mke wake hataki. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Rukaya je?" Rukaya hakuwepo kukataa, basi ikawa yeye. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta anapigiwa makofi, akageuka kutazama nani anakuja nyuma yake.

Kwenye uchaguzi wenyewe hakutokea mpinzani. Wapinzani wanatafutwa kwenye vyeo vyenye mshahara. Mwenyekiti wa kitongoji kama chetu cha Mizambarauni, huku ndani Msimbu, analipwa "ahsante", tena siku watu wakikumbuka.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane. Binti yake Naila kaolewa Mbagala, anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala, dakika nne, kisha mtandao unakata au mtoto analia. Ofisi ya serikali ilikuwa kibaraza chake, na kabati la serikali lilikuwa mkoba mweusi wenye zipu iliyokufa, ndani yake mhuri, kidau cha wino na daftari la wakazi. Mbuzi wa jirani wakila mihogo, kwa Bi Rukaya. Mke kafukuzwa na mabegi, kwa Bi Rukaya. Vijana wakionekana na pikipiki isiyoeleweka kule kwenye mikorosho, kwa Bi Rukaya, maana ukipiga simu polisi Kisarawe mjini swali la kwanza ni, "Mwenyekiti wenu anasemaje?" Basi alikuwa anakwenda yeye, kanga mbili na kandambili, kuwauliza vijana wale pikipiki ni ya nani. Wanaume wenye migongo na presha walimsindikiza kwa macho.

Jambo ambalo hakulitegemea lilikuwa ukimya. Zamani alikuwa na genge lake la kusuka mikeka, wanawake watano, midomo kama cherehani. Baada ya uchaguzi, akifika tu, mmoja anasema kwa utani, "Punguzeni sauti, serikali imeingia." Wanacheka, naye anacheka. Halafu kweli wananyamaza. Nani atamsengenya mumewe mbele ya mtu ambaye kesho atakaa kusuluhisha ndoa hiyo hiyo? Taratibu akawa anasukia kwake. Watu hawakuacha kuja, kwa siku hata kumi na wawili, lakini kila mmoja alikuja na shida yake na kuondoka na jibu lake. "Umeamkaje, mama?" waliuliza wote. Jibu hawakulisubiri.

Aliyebaki ni Mwalimu Laurensia. Huyu ni mtu wa Mbinga, alifundisha shule za msingi miaka thelathini na tatu, akastaafu akiwa kapanga vyumba viwili Picha ya Ndege, Kibaha. Kwa kiinua mgongo chake alinunua eka moja na nusu huku kwetu, maana Kibaha kwa hela ile angepata kiwanja cha kulaza baiskeli. Kila Jumamosi alikuja kulima na kupanga nyumba yake kwa vijiti: hapa sebule, hapa jiko, hapa nitakaa nizeeke. Akichoka anavuka njia kwenda kwa Bi Rukaya.

"Mwalimu, mihogo yako umeipanda kama wanafunzi mstarini."

"Na ya kwako imekaa kama kikao cha kijiji. Kila mmoja kaangalia kwake."

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka alasiri. Hati ya mauziano ya eka ile ilikuwa na sahihi ya Bi Rukaya na mhuri wake, na mipaka ilipandwa minyaa, wao wawili wakiwa wamechafuka matope hadi magotini.

Sasa nielezee kosa, na kosa hili tulilipika pamoja.

Huku kwetu hupati kitu bila barua ya utambulisho. Kitambulisho cha taifa, mkopo wa kikundi wa halmashauri, kumdhamini ndugu yako polisi, kumwandikisha mtoto shule, vyote vinataka karatasi inayosema mtu huyu namfahamu, ni mkazi wangu, chini yake mhuri. Bi Rukaya naye ana shamba lake mwendo wa saa nzima, na asipolima hali. Kwenye mkutano mmoja Wilfred, mwenye mashine ya kusaga, akasimama:

"Mimi nimefuata barua mara tatu. Mara tatu! Naambiwa mama yuko shambani. Hivi tulichagua kiongozi au mkulima?"

Tukapiga makofi. Tunapenda sana kumpigia makofi anayesema ukweli nusu.

Yale maneno yalimkaa. Wiki ileile alikaa kibarazani, akatia sahihi na kugonga mhuri karatasi kumi na mbili zisizo na neno lolote, akazipeleka dukani kwa Maulidi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kitongojini. "Akija mtu unayemjua, mwandikie shida yake. Usiyemjua, mwambie anisubiri." Zilipokwisha akagonga nyingine. Tukamsifu, tukasema huyu sasa ndiye kiongozi wa kisasa, unanunua sukari robo na unapewa serikali ya kufungia. Mtendaji wa kijiji, Bwana Evance, alijua. Shemeji yake alichukua barua palepale dukani.

Ikaendelea mwaka na miezi mitatu. Hata Maulidi aliacha kuuliza nani ni nani.

Jumamosi moja mwezi wa sita Mwalimu Laurensia alifika akakuta minyaa imefyekwa, tripu tatu za mawe zimemwagwa juu ya mihogo na msingi umeshachimbwa. Katikati alisimama kijana mpole wa Dar, Godbless jina lake, kashika futi kamba.

"Shikamoo mama. Unatafuta mtu?"

"Marahaba. Nakutafuta wewe. Hili shamba ni langu."

Godbless hakubisha kihuni. Akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na hati ya kununua kutoka kwa dalali mmoja anaitwa Bilali, na barua yenye mwandiko mzuri: Bilali ni mkazi wa Mizambarauni na mmiliki halali wa shamba tajwa. Chini, sahihi ya Bi Rukaya na mhuri wa zambarau umekaa sawasawa.

Mwalimu akaisoma mara mbili, akavuka njia.

"Rukaya, huu mhuri wa nani?"

Bi Rukaya akaitazama barua muda mrefu. "Mhuri ni wangu," akasema. "Maneno si yangu."

Maulidi alipoulizwa akasema Bilali alikuja akiharakisha, akasema mama mwenyewe kamtuma, duka limejaa watu, akamwandikia alichotajiwa. Bilali simu yake ilikuwa imezimwa.

Mkutano ukaitwa Jumatano, darasa la tano pale shuleni. Jumanne mchana Bwana Evance alikuja kibarazani na wazee wawili wa halmashauri ya kijiji. Walikaa mkekani wakakataa chai, na Bi Rukaya akajua ni mazito.

"Mama," mtendaji akaanza, "kesho sema mhuri umeghushiwa. Sentensi moja tu. Jambo linahamia polisi na mahakamani, sisi ofisi tumetoka."

"Na shamba?"

"Shamba litasubiri kesi."

"Miaka mingapi?"

Bwana Evance akajikuna shingo. "Mama, hiyo ni mahakama, si mimi. Mpaka wataalamu wa mihuri waje waseme, hakuna wa kujenga wala kulima."

"Mwalimu ana miaka sitini na mbili."

"Nawe una uenyekiti. Ukisema uligonga karatasi tupu umekwisha. Na hufi peke yako. Hesabu barua zilizotoka dukani, zote zitakuwa na shaka. Kina Raudha kikundi chao cha mkopo, vijana wa vitambulisho, watu waliodhaminiwa. Watakuchukia wewe, hawatamchukia Bilali. Bilali hawamjui."

Katika maisha yake ya utendaji nadhani hiyo ndiyo siku pekee Bwana Evance alitabiri kitu kikatokea.

Jumatano darasa lilijaa mpaka madirishani. Watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Godbless mbele na bahasha yake, Mwalimu Laurensia upande wa pili na ya kwake. Bi Rukaya akasimama karibu na ubao.

"Mimi sijamwandikia Bilali barua," alisema. "Simjui. Lakini mhuri haukughushiwa. Niligonga mimi, karatasi ikiwa tupu, nikaiacha dukani. Na nyingine nyingi. Mlisema sipatikani, nikatafuta njia ya kupatikana. Njia ilikuwa mbaya, na niliichagua mimi. Shamba ni la Mwalimu. Nilikuwepo aliponunua, na mipaka tulipanda wote."

Godbless akaikunja barua yake polepole. Akasema kama mwenyekiti mwenyewe anatamka hadharani kwamba barua haikutoka kwake, basi yeye kaibiwa, na mwizi wake ni Bilali. Hatagombana na mama wa watu. Atatoa mawe yake, atakwenda kufungua kesi yake. Ilikwisha dakika zile zile, watu wa Dar wakiamua ni wepesi.

Sisi ndio hatukuisha.

"Kwa hiyo barua yangu ya mkopo ni feki?" Raudha alipiga kelele kutoka dirishani. "Wiki ijayo tunapokea hela, leo unasema hivyo mbele ya mtendaji?"

"Si feki, Raudha, wewe nakujua."

"Benki watajuaje kama unanijua?"

Wilfred, yule yule wa mara tatu, akasimama. "Mwanangu amedhaminiwa kwa barua ile. Akirudishwa ndani nitakuja kwako. Hivi kweli kiongozi mzima unagonga karatasi tupu!"

Tukapiga makofi tena. Nami nilipiga, mikono ilizoea. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba karatasi zile zilikuwa zetu, kwamba tulizichukua tukijua, tukiwa na kilo ya unga mkononi. Maulidi alikuwa kasimama nyuma ya mlango, akasoma jedwali la kuzidisha lililobandikwa ukutani mpaka mkutano ukaisha.

Kabla mwezi haujaisha Bi Rukaya alikuwa kaandika barua ya kujiuzulu, kwa mkono wake, yote. Polisi walimwita mara mbili kutoa maelezo na mara mbili alikwenda Kisarawe mjini peke yake. Akakabidhi mkoba kwa Latifu, kijana wa upande wa bondeni aliyewekwa kukaimu. Wanawake wa mikeka hawakumrudisha gengeni. Safari hii hawakuwa na sababu ya kunyamaza, ila mazoea yalikuwa yamekaa.

Mwalimu Laurensia alikuja Jumamosi ya pili baada ya mawe kuondolewa. Alivuka njia, akakaa ukingoni mwa kibaraza, begi bado begani.

"Nashukuru," akasema. "Ungeweza kunitupa, hukunitupa."

"Ulikuwa ukweli tu, Mwalimu."

"Ndiyo. Rukaya, nikuulize, usiniwekee moyoni. Hati yangu mimi. Uliigonga wakati gani?"

Bi Rukaya alimwangalia. "Tulikuwa wote. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Niliisoma kwa sauti, ukanisahihisha neno."

"Nakumbuka. Nakumbuka kabisa." Mwalimu akavutavuta mkanda wa begi. "Ila usiku nikilala najiuliza kama nakumbuka, au nataka kukumbuka. Na mwanangu ananiambia mama, mhuri ule ule, mtu yule yule. Akitokea mwingine mwakani nitamjibu nini?"

Jua lilikuwa limeshafika mguuni mwa Bi Rukaya. Hakusogea.

"Nenda kwa Latifu," akasema. "Mwambie akuandikie upya, na mtendaji awepo, na mashahidi wawili wasiwe mimi. Ningekuwa wewe ningekwenda leo."

"Hutakasirika?"

"Nenda kabla hajaenda shambani."

Mwalimu akainuka. Akasimama kidogo, kama mtu anayetafuta neno la utani asilipate, kisha akashika njia ya bondeni. Bi Rukaya alimwelekeza kwa sauti apite kushoto kwenye kisima, maana kulia kuna matope, na Mwalimu akainua mkono bila kugeuka.