Ndimu za Tanga kwa Vijana wa Meru

Nilisafiri kwa sababu ya Elia, Mbondei mwenzangu niliyesoma naye ualimu Tanga. Alikuwa mwalimu kule Meru, akaniletea salamu kwamba wanafunzi wake ni mabubu kwenye kemia na mkaguzi Mdachi wa serikali ya Kijerumani anakuja. Wakimnyamazia, saa ya kemia itafutwa, vijana warudishwe kupalilia kahawa. Somo hilo nililimudu kuliko wenzangu wote, sioni haya kusema. Nikajaza ndimu kikapuni, nikaondoka.

Gari la moshi lilinifikisha Moshi. Kutoka hapo ni miguu tu. Mto Usa ulikuwa umefurika. Niliuvuka kikapu kichwani, maji kifuani, nikisoma kila dua niliyofundishwa.

Jioni ya siku ya tatu nikawasili shuleni, magharibi ya Mlima Meru. Elia akanipa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, lakini hakucheka.

Asubuhi nilimwuliza Laiseri, mdogo wa darasa, magadi yakitiwa ndimu yatafanya nini. Kimya. Wenzake nao kimya. Mapumzikoni nikamvuta kando.

"Hujui?"

"Najua, mwalimu. Yatatoa povu."

"Mbona hukusema?"

"Lemayani hajasema. Yeye ni wa rika la juu, mdogo hamtangulii."

Kumbe! Mchana kutwa tukafanya majaribio, Lemayani akianza, wadogo wakifuata. Hata chupa ambazo Elia alizifungia kabatini zisivunjike, tulizitoa.

Kesho yake mkaguzi akaja, akamnyooshea kidole Laiseri. Kimya tena. Mdachi akachukua kofia yake. Nikasema, "Bwana, kwa ruhusa yako, tuanze na mkubwa."

Lemayani akasimama. "Magadi na ndimu hutoa hewa. Laiseri, endelea."

Laiseri akakamulia ndimu kwenye magadi ndani ya bilauri. Povu likapanda. "Hewa hii hailishi moto," akasema. "Mshumaa utazimika." Akauteremsha mshumaa, ukazimika. Mikono ikainuka darasa zima, kila mmoja akitaka kueleza.

"Somo libaki," akasema mkaguzi. Elia akanikumbatia mbele ya watu.

Nilirudi Tanga kifua mbele, nikijivunia vijana wale kama niliwazaa mimi. Walimu wenzangu, wapeni watoto vitu wavishike, msivifungie kabatini. Na kijana akikunyamazia, kabla hujamwita mjinga, muulize anamsubiri nani.